Mvua Iliyonyesha Ukumbini Kasansa

Kila ukoo una mtu wake ambaye ni kazi kumweleza mgeni. Kwetu ni Silvester, mdogo wangu wa mwisho. Mgeni akiuliza kijana yule anafanya shughuli gani huko Mpanda, mume wangu Maiko hukumbuka kwamba mbuzi hawajafungwa, Baba hukohoa, na mimi ndiye ninayebaki na mgeni. Nimejaribu majibu mengi. Nimesema ni mpiga picha. Nimesema yuko kwenye mambo ya kompyuta. Ukweli wenyewe, ambao sijawahi kuumaliza bila mgeni kuomba maji ya kunywa, ni kwamba mdogo wangu anarekodi vyura.

Si vyura peke yao, nisimdhulumu. Anarekodi pia nyuki, upepo, majani makavu, na mara moja alirekodi mchwa wakila mlango wangu, akaniomba nisiwapulizie dawa mpaka amalize. Sauti hizo anazipanga moja juu ya nyingine, anazitafutia picha, kisha anawaketisha watu gizani watazame. Anaiita sanaa. Sina ugomvi na neno hilo, kila mtu na jina analompa mtoto wake.

Alianza vizuri, lazima niseme. Alinunua kamera, akapanga chumba mtaa wa Nsemulwa, akaandika mlangoni SILVA DIGITAL kwa rangi nyekundu, na kwa miaka mitatu hakuna bibi harusi wa maana aliyeolewa Mpanda bila Silvester kumtangulia akirudi kinyumenyume. Baba alikuwa hajaipenda kazi ile, lakini angalau ilielezeka.

Ugonjwa huu wa sauti ulimpata kijijini Litapunga. Kulikuwa na harusi, na Silvester akasahau kinasa sauti chake nyuma ya kanisa, kikiwa kimewashwa, juu ya tawi la mti. Aliporudi Nsemulwa akavaa hedifoni asikilize kama kimeharibika. Akasikia hondohondo wanaitana. Akasikia mtu anapampu maji kisimani. Akasikia upepo kwenye mahindi, na mbali kabisa, vigelegele vya harusi. Alisikiliza mara sita mfululizo. Anasema alilia. Mimi nadhani alikuwa na njaa.

Video ya harusi ile ilipotoka, bibi harusi alisema "nakubali" kwa mbali sana, chini ya hondohondo wanne. Mama wa bibi harusi alikwenda Nsemulwa na mashangazi wawili, wakakaa mlangoni pa SILVA DIGITAL na vikapu vyao.

"Hondohondo tunao nyumbani kila siku," mama alimwambia. "Nani kakwambia tumewaalika harusini?"

Mtu mwingine angejifunza. Mdogo wangu akaamua kwamba tatizo lilikuwa harusi.

Basi akaanza kuzunguka. Kiangazi kile, mto Katuma ulipokauka na viboko wakabaki wamebanana kwenye tope darajani Sitalike, alikaa pale siku tatu na maiki imefungwa kwenye ncha ya mwanzi. Watalii waliotoka ng'ambo kuja kuona viboko waliondoka na picha za Silvester. Alikwenda Inyonga kwa warina asali, akaingiza maiki ndani ya mzinga, akarudi na sauti nzuri sana na jicho moja limefumba.

Picha zake nazo si picha ambazo mtu angezitegemea. Hapigi kiboko, hapigi nyuki. Anachukua spika, anailaza chali, anaweka juu yake sahani ya bati, anamwaga chenga za mchele, kisha anaifungulia sauti. Chenga zinaruka, zinajikusanya, zinachora mistari na duara. Nyuki wanachora hivi, viboko wanachora vile. Yeye anapiga video zile chenga kwa karibu mpaka zinajaa ukuta mzima. Sahani ilikuwa yangu. Chenga pia zilikuwa zangu, na kuku wangu waliisikitikia sanaa ile wiki nzima.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja Kasansa kuwinda mvua. Aliweka maiki moja ndani ya ndoo iliyopinduliwa, moja chini ya mchirizi wa bati, na moja akaifunga juu ya paa la jiko langu kwa kipande cha khanga ambayo nilikuwa bado naivaa. Kila wingu likitanda, tuliagizwa tunyamaze. Sufuria zisigongane, mtoto asilie, Maiko asikohoe. Alirekodi mvua kumi na nne, akaenda kuzipanga zote ziwe moja. Mvua moja, kama Mungu alivyoileta, haikumtosha.

Baba yetu, mzee Apolinari, alimtazama msimu mzima bila kusema. Hata siku alizomkuta Silvester amelala kifudifudi alfajiri kwenye tuta la jaruba la mpunga, maiki imeelekezwa majini, alimruka akaendelea na safari yake. Lakini tulipomaliza kuvuna alimwita mbele yangu, na nikajua leo ni leo.

"Silvester. Hawa vyura, kabla hujaja na mashine zako, walikuwa hawalii?"

"Walikuwa wanalia, Baba."

"Sasa wewe umeongeza nini?"

Silvester alieleza kwa muda mrefu. Alitaja tabaka, alitaja nafasi, alitaja kusikia kile ambacho sikio limezoea mpaka limeacha kukisikia. Baba alisubiri amalize kwa adabu ileile anayompa mganga wa kienyeji.

"Shamba la chini linataka mtu," alisema. Shamba la chini ni majaruba yetu ya bondeni, udongo mzito, maji hayatoki mpaka mwezi wa nne. Ndilo linalotulisha. "Mimi namtaka mwanangu. Lakini nisije nikaambiwa nimeua sanaa. Waite watu wa Kasansa uwaonyeshe. Wakikaa mpaka mwisho, sitasema tena neno mpaka naingia kaburini. Wakiinuka kabla ya mwisho, mashine unamwuzia Martin wa banda la mpira, na wewe unakuja kushika jembe."

Silvester akakubali palepale, jambo linaloonyesha jinsi anavyotuelewa. Sisi watu wa Kasansa hatujawahi kumaliza kitu tumekaa. Hata Misa, padri akishafika kwenye matangazo, nusu tuko nje tunatafuta viatu. Baba aliweka dau lile akiwa amekwisha kushinda. Mimi, Esteria, dada mtu, nilimwambia mdogo wangu ukweli huo.

"Watakaa, dada," alisema. "Nyie hamjawahi kujisikia."

Yeye nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Ikapangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, baada ya Misa, kwenye ukumbi wa kanisa. Sasa yeyote anayeijua Mpimbwe, huku kwetu, anajua mwezi wa tano kukoje. Mpunga umetoka shambani na kila mtu ameanika. Uwanja wa kanisa ni maturubai. Uwanja wa mpira ni maturubai. Kandokando ya barabara ni maturubai, na pikipiki zinapita katikati kwa adabu. Mwaka huu wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu wiki mbili kabla, mvua iliyotakiwa iwe imekwisha ilirudi mchana kweupe na kumkuta jirani yetu Ngolo msibani. Mpunga wake ulilowa ukiwa karibu kukauka. Alipoupeleka mashineni ukatoka chenga tupu, na tangu siku hiyo Ngolo alikuwa anatembea akitazama juu, anagongana na watu.

Silvester alihitaji giza ili picha ionekane. Akaziba madirisha yote kwa mablanketi ya akina mama wa kanisa. Akaazima spika kubwa nne za Martin, ambaye alizitoa kwa furaha ya mtu anayeazimisha jirani shoka la kukatia mti anaoutamani. Mbili akaziweka mbele. Mbili nyingine akazipandisha juu, akazifunga kwenye mbao chini ya bati la paa. Nilimwuliza za juu za nini. Akasema mvua haitokei ukutani.

Watu walijaa. Wengine walikuja kwa sababu walisikia kuna sinema, wengine kwa sababu ukumbini kuna kivuli. Baba alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, akiwa na uso wa mtu aliyekuja kutoa pole. Mlango ukafungwa.

Vikaanza vyura. Watu wakacheka, kama Baba alivyotarajia. Mtu akauliza kwa sauti kama kiingilio kitarudishwa, na hakukuwa na kiingilio. Ukutani chenga zangu za mchele, kila moja kubwa kama yai, zilianza kutembea. Wakaingia nyuki. Kina mama wawili wakajipangusa shingo. Kisha viboko, kutoka chini, kwa sauti iliyopita kwenye mabenchi na kuingia mwilini, na chenga zikaruka zote pamoja zikaandika duara ndani ya duara. Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama Baba kwa pembeni. Fimbo ilikuwa imelala chini na hakuwa ameiokota.

Nitasema ninachokijua. Nimekaa Kasansa miaka arobaini na moja na sijawahi kuwaona watu wetu wametulia namna ile. Hata watoto wachanga walinyamaza. Nilianza kumwogopea Baba, kwa mara ya kwanza, kwamba atashindwa.

Ndipo ukaja upepo. Upepo wa kwetu, ule wa kutoka ziwani unaopita kwenye migomba na kugeuza majani. Radi moja, mbali. Kimya. Tone moja juu ya bati, upande wa kushoto. Tone la pili. Matatu, manne. Kisha mvua zote kumi na nne zikaanguka juu ya paa kwa mpigo.

"Mvua!" mtu alipiga yowe. "Mpunga! Mpunga jamani!"

Ukumbi ulisimama mara moja. Sijui mlango ulifunguliwa au uling'olewa. Benchi zilianguka, blanketi mbili zilikwenda na watu, Ngolo alitokea dirishani. Tulitoka gizani tukaingia kwenye mwanga mkali, macho hayaoni, lakini mikono ilijua pa kwenda. Mvua kuja na jua bado linawaka si jambo geni. Hakuna aliyepoteza muda kutazama juu. Kila mtu alikamata ncha za turubai lake, akakunja, akavuta, akalalia. Na mimi nilikimbia. Mimi niliyeisikia mvua ile ikitengenezwa juu ya jiko langu, kwa maiki iliyofungwa paani kwa khanga yangu, nilikunja maturubai matatu na kukaa juu yake nikimwomba Bikira Maria.

Kukawa shwari kidogo. Watu mia mbili tulikuwa tumelalia mpunga, jua linatuchoma mgongoni. Ng'ombe wa mzee Mwandu walikuwa wanapita barabarani, wakavu kabisa. Na mvua ilikuwa inaendelea kunyesha, tuliisikia vizuri sana, ndani ya ukumbi.

Waliobaki ndani walikuwa wawili. Mmoja ni Silvester. Wa pili ni bibi Suzana, ambaye hajasikia chochote tangu alipougua homa ya uti wa mgongo zamani, na ambaye alisifu sana zile chenga.

Mtafikiri watu walicheka. Watu wa mjini ndio wanaocheka mambo haya. Mpunga uliokunjwa ukiwa wa moto, uliochanganyika na mchanga na nyasi, mwingine umemwagika hadi kwa jirani, ni siku nzima ya kazi. Walimtoa Silvester nje, wakamsimamisha kwenye jua, na akaitwa mzee Mwandu.

Mzee Mwandu ni Msukuma, mkubwa wa sungusungu wetu. Alikuja na ng'ombe wake akiwa kijana akakuta sisi tunalima, na baada ya miaka mingi ya kugombania njia za maji tulikubaliana kwamba kwa mambo ya amri yeye anatuzidi. Kwetu yowe ni kitu cha heshima. Ukilipiga, kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia alikosikia, usiku au mchana, bila kuuliza. Kwa hiyo ukilipiga bure, unatoa mbuzi, na waliokimbia wanamla. Sheria hiyo haina kifungu cha pili.

"Nyie, tulieni," alisema mzee Mwandu. "Yowe la uongo limepigwa?"

"Limepigwa!"

"Mmekimbia?"

"Tumekimbia!"

"Basi mbuzi yupo. Ni wa Silvester huyu."

 Silvester alisimama na waya mkononi, uso umemshuka, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Hapo Baba akapita mbele. Sisi sote tukajua anakuja kummalizia.

"Mwandu," alisema. "Ile mvua haikuwa ya uongo. Ilinyesha mwezi wa pili kwa Esteria, na wewe ilikulowesha. Kijana alituambia njooni muangalie sauti, tukaja kuangalia sauti. Yeye hakufungua mdomo."

"Sasa yowe lilipigwa na nani?" mzee Mwandu aliuliza. "Nani alisema mpunga?"

Watu wakaanza kutazamana. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kutomtazama Baba. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, niliijua ile sauti tangu nimezaliwa, na nilikuwa nazuia kicheko kwa mkono.

"Ni mimi," alisema Baba.

Mbuzi akatoka kwetu. Alikuwa dume la madoa, na Baba alimchagua mwenyewe, maana hakutaka kusemwa kwamba ametoa mgonjwa. Nyama ilipoiva watu walisahau hasira. Ngolo alikula vizuri kuliko wote, kwani yeye peke yake siku ile alikuwa amekunja turubai tupu. Mchana ukaisha kwa kuanika upya, Silvester na Maiko wakipita turubai hadi turubai na reki, wakiomba radhi na kuombwa radhi.

Lakini dau lilikuwa palepale. Saa kumi na moja nilimkuta Silvester ukumbini anazungusha waya. Martin alikuwa amekwisha kuja kuangalia kamera, akaigeuza mara mbili, akasema atarudi kesho asubuhi. Baba akaingia, akasimama mlangoni.

"Waliinuka," alisema.

"Ndiyo, Baba. Waliinuka."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Nilitegemea Baba atoke. Badala yake aliinua benchi moja lililoanguka, akalipangusa kwa kiganja, akakaa.

"Inaishaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo mvua. Nimetoa mbuzi mzima na sijui inaishaje."

Silvester akaunganisha tena waya, akanyoosha blanketi zilizobaki. Nikakaa kando ya Baba. Mvua ikaanza pale tulipoiacha, na nakiri kwamba mguu wangu ulitaka kukimbia tena. Ilinyesha muda mrefu. Kisha ikapungua, ikabaki michirizi, ikabaki matone. Chura mmoja, wa pili. Ukutani hapakuwa na chenga tena, yalikuwa maji ya jaruba alfajiri, yametulia. Halafu zikaja hatua za mtu kwenye matope. Moja inazama na kuchomoka. Ya pili inaburutwa. Inazama, inachomoka, inaburutwa, na kila hatua ikiyatikisa maji pale ukutani. Mtu mwenyewe haonekani.

Baba aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Huyo mzee anayeburuta mguu ni nani? Ngolo?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi siburuti mguu."

 Hatua zikaendelea kuvuka jaruba taratibu, zikasimama mara moja katikati, mtu akavuta pumzi, zikaendelea.

"Hii uliichukua lini?" Baba aliuliza.

"Mwezi wa pili. Ya mwaka jana ninayo, na ya mwaka juzi. Mwaka juzi ulikuwa huburuti."

Baba alitazama mguu wake wa kulia. Aliunyoosha, akaukunja, akauweka chini.

"Nilidhani nimeuficha vizuri," alisema.

Nyumba yangu na ya Baba zinatenganishwa na ua wa mabua. Namwona kila siku ya Mungu. Nampelekea chai asubuhi, namfulia mashati, nagombana naye kuhusu chumvi. Miaka minne nilikuwa nawachekesha wageni kuhusu mdogo wangu na masikio yake, na mzee wangu alikuwa anapita mbele yangu kwenda shamba la chini na mguu unaomwuma, nami sikuwahi kuusikia hata mara moja. Niliona aibu.

"Shamba la chini tutalima mimi na Maiko," nilisema.

 Baba alimwambia Silvester kesho Martin akija amwambie kamera haiuzwi. Kisha akamwomba airudishe nyuma ile video, aanzie pale hatua zinapoingia majini.